Tangazo la kifo cha programu linapovuruga majaribio

KABLA ya mabadiliko katika kiini cha Linux kuwafikia watumiaji, mamia ya majaribio hupitishwa kwenye mfumo wa faili, sehemu inayoamua data itakaa wapi diskini. Kazi hiyo hufanywa na tarakilishi zenyewe, aghalabu usiku kucha. Simu za Android hutegemea kiini hichohicho. Kosa likipenya, picha za familia na rekodi za biashara huenda zikapotea.

Mkusanyo mmoja mashuhuri wa majaribio hayo ni xfstests, ulioanzia katika kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya mfumo wa XFS, na ambao sasa hupima pia ext4 na Btrfs. Utaratibu wake ni mkali. Maandishi yanayotolewa na jaribio hulinganishwa na yale yaliyotarajiwa, na mstari mmoja ukizidi, jaribio limeanguka.

Tatizo ni kuwa baadhi ya majaribio huua programu makusudi. Programu huamriwa, kwa mfano, isome ukurasa wa kumbukumbu uliopita mwisho wa faili, na mfumo ulio timamu hauna budi kuiua. Mashine moja hutangaza kifo pekee; nyingine huongeza kwamba nakala ya kumbukumbu ya programu hiyo imehifadhiwa kwa uchunguzi. Jaribio ni lilelile, matokeo ni mawili, ilhali mfumo wa faili hauna hatia.

Wengi hukimbilia kuzima maandishi ya programu yenyewe. Hawafui dafu, kwani marehemu hajitangazii kifo. Msemaji ni Bash, iliyopokea amri na kuianzisha programu hiyo. Dawa ni kuelekeza kwingine maandishi ya makosa ya Bash, kwa muda wa amri hiyo tu. Amri "ulimit -c 0" kwa kawaida huzuia faili ya nakala kuandikwa, lakini tangazo la kifo hubaki.

Hata hivyo, kunyamazisha kila kitu ni hatari. Programu ya kukarabati diski ikifa bila kutarajiwa, nakala hiyo ndiyo huonyesha ilipokwama. Ndiyo maana xfstests ikikuta faili yake, huhesabu jaribio kuwa limeshindwa. Anayeficha tangazo hulazimika basi kukagua namba inayorejeshwa na Bash. Kwa kifo kilichoelezwa hapo juu, tarakilishi za kawaida za Linux hurejesha 135. Ikija namba nyingine, jaribio liachwe lianguke.