Hesabu ya seva moja iliyosahaulika

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Jersey City, Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 ndani ya dakika 45 hivi. Ukigawa, ni dola milioni 10 na ushei kila dakika, au kama dola 170,000 kila sekunde. Hapakuwa na mwizi wala mdukuzi. Kilichotokea ni kwamba seva moja kati ya nane haikupata programu mpya.

Soko la Hisa la New York lilikuwa linazindua siku hiyo mpango mpya wa biashara ya rejareja, na Knight ilikuwa imeandaa msimbo wa kushiriki. Kuanzia tarehe 27 Julai msimbo huo ukawa unapelekwa kwenye seva nane za mfumo wao wa kusambaza oda sokoni. Fundi aliunakili kwenye seva saba, ya nane ikamponyoka. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua, wala utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu wa pili akague.

Seva ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, ambao ndani yake mlikuwa na kazi iliyoitwa Power Peg, isiyotumika tangu 2003. Msimbo mpya ulitumia tena swichi ileile iliyokuwa ikiwasha Power Peg. Kwa hiyo oda zilipoingia zikiwa na swichi imewashwa, seva saba zilifanya kazi mpya na moja ikaamsha kazi iliyolala miaka tisa. Breki ya kazi hiyo, yaani sehemu inayohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa ili oda ijue kusimama, ilihamishwa mahali pengine kwenye msimbo mwaka 2005, na baada ya kuhamishwa Power Peg haikujaribiwa tena. Oda 212 tu ndizo zilizopita kwenye Power Peg siku hiyo. Zilizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, wastani wa karibu miamala 19,000 kwa kila oda. Jumla yake ilikuwa hisa zaidi ya milioni 397.

Kuna namba nyingine kwenye kisa hiki ambayo mimi huiona nzito kuliko hata zile milioni 460. Ni 97. Kuanzia saa 2:01 asubuhi, karibu saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa saa 3:30, mfumo wenyewe uliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja Power Peg. Hazikuwa zimepangwa kuwa kengele ya hatari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Mtambo ulisema, tena mapema, lakini ulisemea mahali ambapo hakuna mtu aliyepewa jukumu la kusikiliza.

Kisha likaja kosa la utatuzi, na hapa ndipo kila anayeshika seva anapaswa kutulia. Wahandisi walipoona oda zinafurika, walishuku msimbo mpya, wakauondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Oda zilizidi kuingia zikiwa na swichi imewashwa, na sasa Power Peg ikaamka kwenye seva hizo pia. Seva moja mbovu zikawa nane. Laiti kabla ya kugusa chochote mtu angelinganisha cheksamu ya faili la msimbo (namba fupi inayokokotolewa kutokana na maudhui ya faili) kwenye seva zote nane, kazi ya sekunde chache, tofauti ingeonekana palepale: saba zinafanana, moja haifanani.

Hisa za Knight zilianguka kwa takriban asilimia 75 katika siku mbili. Wawekezaji waliiokoa kwa dola milioni 400, mwaka 2013 ikaungana na Getco, na Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya usimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ikaitoza faini ya dola milioni 12.

Ni rahisi kumlaumu fundi aliyesahau, lakini hesabu inamtetea. Tuseme mtu makini hukosea mara moja katika kila seva 100 anazozishughulikia kwa mkono. Kwa seva nane, uwezekano wa angalau moja kukosewa ni asilimia 7.7. Kwa seva 50 unapanda hadi karibu asilimia 40, kwa seva 100 unafika 63, na kwa seva 200 unakuwa asilimia 87. Katika ukubwa huo, kukosea ndilo jambo la kutarajiwa. Ukimbadilisha fundi ukaleta aliye makini maradufu, anayekosea mara moja katika 200, bado kwa seva 200 uwezekano ni asilimia 63. Nidhamu haiwezi kushindana na kipeo cha hesabu.

Hii ndiyo sababu zana za kusimamia usanidi zilizaliwa. Mark Burgess alianzisha CFEngine huko Oslo mwaka 1993, ikafuata Puppet mwaka 2005, Chef mwaka 2009 na Ansible mwaka 2012. Wazo lake ni moja: usimwambie mtu afanye nini kwenye kila seva, bali andika hali unayoitaka, kisha programu iilete kila seva kwenye hali hiyo na kuirudisha kila inapopotoka. Seva ya nane haiwezi kusahaulika, kwa kuwa hakuna anayeikumbuka wala kuisahau. Ipo kwenye orodha.

Lakini orodha nayo huandikwa na watu.

Tarehe 5 Aprili 2022, kampuni ya Atlassian ya Sydney, inayouza programu za kupanga kazi za timu, iliendesha skripti ya kufuta programu moja ya zamani kwenye akaunti za wateja wake. Jaribio la kwanza lilihusu tovuti 30 na likaenda salama. Kwa kundi kubwa, timu moja iliipa timu nyingine orodha ya vitambulisho. Kwa bahati mbaya vilikuwa vitambulisho vya tovuti nzima za wateja, wakati vilivyohitajika ni vya ile programu ya kufutwa. Mfumo ulipokea aina zote mbili bila kuuliza. Kati ya saa 4:38 na saa 5:01 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, yaani dakika 23, tovuti 883 za wateja 775 zilifutwa. Ni tovuti moja kila sekunde moja na nusu hivi.

Wateja wa mwisho walisubiri hadi siku 14 kurejeshewa kazi zao. Siku 14 ni dakika 20,160. Ukizigawa kwa 23, kurejesha kulichukua muda mara 876 zaidi ya kuharibu. Na data haikuwa imepotea! Chelezo zilikuwapo, na tovuti zilirejeshwa hadi dakika chache tu kabla ya kufutwa. Kilichokosekana ni uwezo wa kurejesha kwa ukubwa uleule wa kufuta. Njia yao ya kwanza ilikuwa na takriban hatua 70 na ilichukua kama saa 48. Ilibidi wabuni njia ya pili katikati ya dhoruba, wakaishusha hadi kama saa 12. Walikuwa na mtambo wa kufuta mamia kwa mpigo na mikono ya kurejesha mmoja mmoja.

Uwiano huo wa muda wa kuharibu na muda wa kurejesha ndio ninaoutaka kila meneja wa teknolojia auweke mezani anapoombwa bajeti. Wengi huuliza zana mpya itaokoa saa ngapi za kazi. Ni swali halali, ila ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni hii: amri ikienda kombo kwenye seva zote, kuzirudisha kutachukua saa ngapi, na za nani?

CrowdStrike ilijibu swali hilo mbele ya dunia nzima. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni hiyo ya ulinzi wa kompyuta ilisambaza faili la usanidi kwa wateja wake. Programu iliyolisoma ilitarajia thamani 20, na faili likaja na 21. Faili liliondolewa saa 2:27, dakika 78 baadaye. Kufikia hapo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka. Hazikufika hata asilimia moja ya kompyuta zote za Windows, lakini zilikuwa kwenye kaunta za viwanja vya ndege, mabenki na hospitali. Kompyuta nyingi hazikuweza kuwaka vya kutosha kupokea marekebisho kwa mtandao, hivyo mtu alilazimika kuifikia kila moja, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili. Tukadirie dakika 15 kwa kila kompyuta: ni zaidi ya saa milioni 2.1 za kazi. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka 1,000 kuzimaliza. Faili lile lilikwenda kwa wote kwa wakati mmoja. Baada ya maafa, kampuni iliahidi kuanza kusambaza kwa awamu.

Je, awamu zinagharimu nini? Chukua shirika la kawaida lenye seva 200. Badala ya kupeleka mabadiliko kwa zote, anza na 1, kisha 10, kisha 50, kisha 139 zilizobaki, ukingoja dakika 15 kati ya kundi na kundi. Umeongeza dakika 45. Sasa tuseme mabadiliko yana hitilafu inayohitaji mkono wa mtu kwa dakika 10 kwenye kila seva. Ukiwa umepeleka kwa zote, ni dakika 2,000, zaidi ya saa 33. Ukiikamata kwenye seva ya kwanza, ni dakika 10. Gawa 45 kwa 1,990 zilizookolewa na utapata asilimia 2.3. Maana yake, ikiwa badiliko moja tu kati ya 44 lina hitilafu ya namna hiyo, kungoja kumejilipa. Tena kungoja huko si jasho la mtu, ni saa ya ukutani. Sioni hoja ya kukataa biashara hii isipokuwa siku ya kuziba tundu la usalama ambalo wadukuzi tayari wanalitumia, na hata siku hiyo kundi la kwanza la seva moja halichukui muda mrefu.

Awamu zisipotosha, ni kwa sababu kuna hitilafu zisizopiga kelele. Puppet, kwa chaguo-msingi, hukagua kila seva kila baada ya dakika 30. Ni mara 48 kwa siku, na kwa seva 200 ni ukaguzi 9,600. Usanidi ulioandikwa vizuri, ukiendeshwa mara ya pili bila kitu kubadilika, unapaswa kuripoti mabadiliko sifuri. Mara nyingi utakuta seva inayoripoti badiliko moja kila mzunguko, na watu wameizoea. Huenda zana mbili zinagombea faili moja, hii inaandika, ile inafuta. Ikiwa kila badiliko linaizima na kuiwasha huduma kwa sekunde 10, hizo ni dakika 8 kwa siku, saa 4 kwa mwezi. Shirika lililoahidi wateja kwamba huduma itapatikana asilimia 99.9 ya wakati lina ruhusa ya dakika 43 tu kwa mwezi. Limevunja ahadi yake zaidi ya mara tano, na kila ripoti ya zana imeandikwa kwamba kazi imekamilika salama.

Uchunguzi nao una hesabu yake. Kwenye seva 200, kuingia moja baada ya nyingine kusoma kumbukumbu ni kupoteza siku. Omba seva zote zitoe cheksamu ya faili linaloshukiwa, zipange kwa makundi, na kundi dogo ndilo la kuanzia. Ikiwa seva zote zinafanana na bado zimeharibika, geukia historia ya mabadiliko: mabadiliko 64 yaliyoingia wiki hii yakigawanywa nusu kwa nusu, majaribio sita yanatosha kulifikia lenye kosa, endapo kosa limo kwenye badiliko moja. Ukiyajaribu moja moja unaweza kufika la 64. Na ukiona kazi za Ansible zinakwenda polepole, kabla ya kulaumu mtandao tazama inashughulikia seva ngapi kwa mpigo. Chaguo-msingi ni 5. Kazi ya dakika 4 kwa seva 200 itachukua dakika 160. Ongeza hadi 50, kama kompyuta inayoendesha ina nguvu ya kutosha, na zinabaki dakika 16. Ila ujue umeongeza kwa kiwango hichohicho kasi ya kosa lako.

Ansible na Puppet zote zina njia ya kuendesha kwa majaribio, inayoonyesha kitakachobadilika bila kubadilisha kitu. Haigharimu senti. Itumie kwenye orodha yenyewe utakayoipeleka, kwani jaribio la Atlassian lilifaulu kwa orodha nyingine. Kisha, kabla ya kubonyeza, andika kwenye ombi la mabadiliko namba tatu: seva ngapi zitaguswa, dakika ngapi zitatumika kuzigusa, na saa ngapi zitahitajika kuzirudisha. Meneja anayepokea ombi lisilo na namba ya tatu alirudishe.