Wenye Mto Waombapo Nyavu Zianikwe
Yulakoni ni samaki mdogo mwenye mafuta tele, hata akikaushwa huwaka kama mshumaa. Hutoka baharini, hupita mlango wa mto Columbia, Marekani, akapanda kutaga mayai. Miaka ya 1990 alipungua sana. Mwaka 2007 kabila la Cowlitz, ambalo wazee wake walimla tangu kale, liliiomba serikali kuu imlinde. Mwaka 2010 akaandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini, na uvuvi ukasimamishwa kwa miaka kadhaa. Yafaa msomaji azingatie: waliomba hao hao ambao kitoweo ni chao. Utawala ulio karibu na mto ndio uonao ufa kwanza. Usipouziba, ni nani atakayejenga ukuta?