Kwaresima na Ramadhani wiki moja: Wanafunzi Wakatoliki wa chuo kikuu wamepanga nini?

Jumatano tarehe 18 Februari, wakazi wa Tudor na mitaa ya jirani mtaona vijana wakitoka chuo kikuu na alama ya majivu kwenye paji la uso. Watapanda matatu nayo, watapita sokoni nayo, na wengine watalala nayo. Jioni hiyo hiyo, au ya siku moja kabla, wenzetu Waislamu watakuwa wakiangalia magharibi kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Yaani mwaka huu wa 2026 Kwaresima na mwezi mtukufu zinaingia pamoja, karibu siku moja.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki chuoni. Ratiba yetu kwa kawaida hubandikwa kwenye ubao wa matangazo na mambo yakaishia hapo. Safari hii tumeona afadhali tuieleze pia kwa majirani, kwa sababu mengi tutakayofanya kati ya Februari na Aprili yatakutana nanyi barabarani, hostelini na mezani.

Nianze na neno lenyewe. Kwetu Pwani ukisema chuo, wazee hufikiria chuo cha Kurani, na ukitaja chuo cha Wakatoliki pale Tudor utaulizwa kimejengwa lini. Hakuna kitu kama hicho. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa ni cha serikali na ni cha wote. Tena asili yake ni ya Kiislamu hasa: kilianzishwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ile wazee waliyoiita MIOME, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na wengineo. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa kila Mkenya, baadaye kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Sisi basi ni wageni waliokaribishwa nyumba iliyojengwa na wengine. Wapo wenzangu wasiopenda niseme hivyo, lakini ndiyo historia.

Jumuiya yetu haina jengo lake. Tunakusanyika katika ukumbi wa mihadhara, tunapanga viti, tunatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya mwalimu, na hiyo ndiyo altare. Padri mlezi huja kutusomea misa. Katikati ya wiki tunakutana kwa vikundi vidogo, kila kimoja na jina la mtakatifu wake, kwa mtindo wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele katika miaka ya 1970. Mwanafunzi aliyetoka Taveta au Kitui, asiyemjua mtu Mombasa, hupata humo watu kumi na wawili wa kumuuliza mbona jana hakuonekana.

Sasa Kwaresima ni nini? Jina lina asili ya Kilatini na maana yake ni arubaini. Ni siku 40 za kujiandaa kwa Pasaka, ambayo mwaka huu ni tarehe 5 Aprili. Ukihesabu kwenye kalenda kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46, ila Jumapili sita hazihesabiwi kwa kuwa Jumapili ni sikukuu. Mambo yanayotakiwa ni matatu: sala, kufunga na sadaka. Msomaji Mwislamu hahitaji mkalimani hapo.

Namna ya kufunga ndiyo inayotofautiana, na hapa maswali huwa mengi. Sheria ya Kanisa inamtaka Mkatoliki mwenye miaka 18 hadi 59 afunge siku mbili tu za lazima, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo hula mlo mmoja kamili, na akihitaji, vitu viwili vidogo vya kumtia nguvu. Maji hunywa. Kila Ijumaa ya Kwaresima kuanzia umri wa miaka 14 hali nyama. Kwa aliyezoea kukaa bila tone la maji kuanzia alfajiri mpaka magharibi, tena katika joto la Mombasa la mwezi wa Machi, hiyo yetu itaonekana kama mchezo. Rafiki yangu wa darasani, kijana wa Mji wa Kale, aliniambia, "Nyinyi mwafunga huku mwala?" Nikamjibu kwamba kiwango hicho ni cha chini kabisa, na wengi huongeza wenyewe: huyu anaacha soda, yule anaacha kamari ya mpira ya kwenye simu, mwingine anashinda njaa kila Ijumaa bila kumwambia mtu. Na kwa maoni yangu, kuacha kamari kwa siku 40 ni kazi kubwa kwa kijana wa leo kuliko kuacha nyama, ambayo wengi wetu hatuimudu hata hivyo.

Majivu nayo yana asili yake. Ni matawi ya mitende au makuti yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yakakaushwa na kuchomwa. Padri anapokupaka hukukumbusha kwamba u mavumbi, na mavumbini utarudi. Bi mkubwa mmoja anayetuuzia mahamri na mbaazi langoni aliwahi kumwona dada mmoja wa kwaya nayo akamvuta kando. "Mwanangu, una masizi usoni, njoo nikupanguse." Alipoelezwa, alitulia kidogo kisha akasema, "Kumbe mwakumbushana kufa. Basi ni jambo jema hilo, usilifute." Misa ya Majivu mwaka huu ni mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya masomo na saa kumi na moja jioni.

Kila Ijumaa baada ya hapo kuna Njia ya Msalaba, ibada ya vituo 14 vya mateso ya Yesu. Tunatembea kutoka kituo hadi kituo, tukipiga magoti na kuimba. Hapa palihitaji mpango. Adhuhuri ya Ijumaa ni ya sala ya Ijumaa, na jioni magharibi huingia yapata saa kumi na mbili na dakika arubaini, wakati ambao njia zote za hosteli zimejaa watu wanaokimbilia futari na vikombe vya uji mkononi. Tumekubaliana kuanza saa kumi na nusu na kumaliza saa kumi na mbili kasoro robo. Makesha ya usiku ya Ijumaa tumeyasogeza mpaka baada ya Idi, yasije yakagongana na taraweh. Na wale wanaolalamikia ngoma za kwaya yetu watapata nafuu: Kwaresima haina Aleluya wala maua altareni, na vyombo vya muziki hupunguzwa. Pumzikeni, tutarudi na vigelegele usiku wa Pasaka.

Jambo lililotuchukua mikutano mitatu ni sadaka. Kila mwaka maaskofu wa Kenya hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, chenye mada ya kila juma na mchango mwishoni. Huo utaendelea kama kawaida. Lakini tulijiuliza kuhusu njaa iliyo karibu zaidi. Mtu asiyesoma chuo kikuu huenda asijue kwamba mkopo wa serikali ukichelewa wiki tatu, kuna mwanafunzi anayeishi kwa chai na mkate. Mwezi wa Ramadhani humficha, kwa sababu hakuna atakayemuuliza mbona hali mchana. Anafunga Mwislamu, anashinda njaa Mkristo aliye chumba kimoja naye, na jioni mmoja ana futari ya kushiriki na mwingine hana cha kuleta.

Pendekezo la kwanza lilikuwa tuandae futari ya pamoja, turubai na viti, viongozi waalikwe, picha zipigwe. Waliopinga walikuwa na sababu mbili. Wengine walihofia kuonekana wanachanganya dini. Wengine, na mimi nikiwa miongoni mwao, tuliona kwamba jioni moja ya picha haimshibishi mtu siku 29 zilizobaki. Hoja ya kuchanganya dini hainisumbui sana: tangu mwaka 1967 Vatican yenyewe huwatumia Waislamu ujumbe wa salamu kwa ajili ya Ramadhani, na tamko la Mtaguso wa Pili kuhusu dini nyingine lilitimiza miaka 60 Oktoba iliyopita. Kilichonisumbua ni turubai.

Tulichoamua ni ghala. Kila mwanajumuiya ataweka kando pesa za mlo wa Ijumaa, na fedha hizo zitanunua mchele, unga, sukari, tende na mafuta. Vitu vitakabidhiwa kwa kamati ya watu sita, watatu wetu na watatu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, ambao wanawajua wenye shida katika kila bweni. Hakuna orodha itakayobandikwa na hakuna atakayeulizwa dini. Ghala litafunguliwa Jumatatu tarehe 23 Februari na litakwenda hadi Pasaka, maana njaa haiishi mwezi wa Shawwal ukiandama.

Kuna jambo dogo la Idi. Ikiwa itaangukia Ijumaa tarehe 20 Machi, sisi tutakuwa katikati ya Kwaresima na nyama ni mwiko siku hiyo. Mnaotualika kila mwaka tafadhali msikasirike tukiipita biriani. Samaki ruhusa. Padri anaweza kutoa ruhusa maalumu, na vijana wa kwaya wamekwisha kumwendea kwa unyenyekevu usio wa kawaida yao. Hajajibu, alicheka tu. Idi ikiwa Jumamosi, tuko mlangoni mapema.

Mafungo ya siku moja na maungamo yatakuwa Jumamosi tarehe 28 Machi, na kesho yake ni Jumapili ya Matawi, maandamano mafupi ndani ya kiwanja.

Alhamisi Kuu ndiyo siku ninayotaka wasomaji waielewe. Inaangukia tarehe 2 Aprili. Mwaka 2015 pia Alhamisi Kuu ilikuwa tarehe 2 Aprili, na ndiyo alfajiri ambayo al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Kundi la wanafunzi Wakristo lilikuwa kwenye sala ya asubuhi ndani ya darasa. Waliouawa siku hiyo ni 148, wengi wao wanafunzi. Wauaji waliwatenga watu kwa dini. Sisi tulio chuo kikuu leo tulikuwa shule ya msingi, na wengi tunakumbuka redio ilivyokuwa haizimwi. Miezi minane baadaye, basi liliposhambuliwa Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko na akafariki Januari 2016.

Misa ya jioni hiyo ina desturi ya padri kuosha miguu ya watu 12, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Kabla ya misa, saa kumi na moja unusu asubuhi, tutakusanyika nje ya ukumbi na kuwasha mishumaa 148. Hakutakuwa na hotuba. Viongozi wa wanafunzi Waislamu wameomba kuwasha pamoja nasi, na tumekubali bila mjadala, jambo ambalo katika jumuiya yetu ni nadra. Wakazi watakaopita wanaweza kusimama. Askari wa chuo wameshapewa taarifa, kwa hivyo mkiona mwanga langoni alfajiri hiyo msishtuke.

Kesho yake, Ijumaa Kuu, Njia ya Msalaba itatoka saa tatu asubuhi na kuzunguka kiwanja chote. Mkesha wa Pasaka utaanza Jumamosi saa mbili usiku, na hapo ngoma zitalia. Wenye wagonjwa karibu watuambie mapema tuelekeze spika upande mwingine.

Anayetaka kuchangia ghala alete vyakula vikavu visivyopikwa, kila siku ya wiki jioni, ukumbini tunaposalia. Tende zinatakiwa zaidi kabla ya tarehe 18. Ndoo zenye vifuniko pia, kwa sababu ya panya.