Posti yako Facebook inafutwa na nani, mashine au mtu?

Jibu ni wote wawili. Mashine inapitia posti fasta na kukamata zinazotia shaka, ila utani haiujui. Mtani wangu Mzaramo akiniandikia "Msukuma, leo nakuzika", yenyewe inaweza kuona ni tishio. Hapo ndo anahitajika mtu aamue.

Hadi 2023 baadhi ya watu hao walikuwa Nairobi, kampuni ya Sama, wakitazama picha za ukatili kutwa. Daniel Motaung, aliyefanya kazi hiyo, alifungua kesi 2022 akidai imemuumiza akili. 2023 wenzake 184 nao wakaenda mahakamani. Meta, wenye Facebook, wakasema hawawezi kushtakiwa Kenya. 2024 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia.

Kumbe usafi tunaouona humo kuna mtu ameulipia. Mnasemaje wadau? Nawakilisha.