Nyuki na Joto la Mzinga Wao

Kila mtoto aliyefuga kuku ameona jinsi kuku aatamiavyo mayai yake. Huyalalia siku 21, wala hayaachi ila kwa kitambo kidogo, kwa sababu yakipoa vifaranga hufa ndani. Lakini kuku ana damu ya moto, na manyoya yake ni kama blanketi. Nyuki je? Yeye ni mdudu, na miili ya wadudu walio wengi hupata joto pamoja na hewa, na kupoa pamoja na hewa. Nyuki aliye peke yake, mwili wake ukipoa mpaka kama digrii 10 za sentigredi, hulegea asiweze hata kutembea.

Hata hivyo, mtu akitia kipimo cha joto katikati ya masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, atakuta digrii 33 mpaka 36, usiku na mchana, masika na kiangazi. Joto hili lakaribia joto la mwili wa mtu. Majana hayana budi kulipata. Yakipoa mno hufa, au hutoka nyuki wenye mabawa mabovu. Na hata yakipoa kidogo tu, nyuki watokao huwa wazito wa kujifunza kazi zao. Basi, wadudu hawa hulitunzaje joto hilo?

Kuongeza joto

Mtu akishikwa na baridi hutetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na misuli ifanyapo kazi hutoa joto. Nyuki naye hufanya vivyo hivyo. Ndani ya kifua chake mna misuli yenye nguvu, ambayo kazi yake ni kupiga mabawa. Lakini nyuki aweza kuikaza misuli hiyo huku mabawa yametulia kimya. Mtu amtazamaye hudhani amelala, kumbe anafanya kazi ngumu, na kifua chake kimepata joto la digrii 40 na zaidi.

Nyuki wa namna hii hugandamiza kifua juu ya kifuniko cha tundu lenye jana. Wengine huingia kichwa mbele katika matundu matupu yaliyo kati ya majana, wakapasha joto majirani wa pande zote. Nguvu zikiwaishia, wenzao huwalisha asali, nao huanza tena. Asali ndiyo kuni za mzinga.

Huko Ulaya, wakati wa baridi kali, maua hayapo na theluji hufunika nchi. Nyuki hujikusanya pamoja kama tonge. Walio nje husongamana, vichwa vyao vikielekea ndani, wakawa kama ukuta. Walio ndani hutoa joto. Hivyo huishi kwa miezi mingi kwa asali waliyoiweka akiba. Ikiisha, tonge lote hufa.

Kupunguza joto

Katika nchi zetu shida kubwa mara nyingi si baridi, bali jua. Joto likizidi, nyuki kadha wa kadha husimama mlangoni na juu ya masega, wakapepea kwa mabawa yao, ili hewa ya moto itoke na hewa nyingine iingie. Wengine hutoka nje wakaning'inia mzingani kama ndevu, ili ndani pawe na nafasi.

Kama upepo hautoshi, huenda kuteka maji. Huyarudisha tumboni, wakayapaka kidogo kidogo juu ya matundu, na wenye kupepea huyakausha. Jambo hili ni lile lile la mtungi wa udongo. Maji hupenya ukutani mwa mtungi, na yageukapo mvuke huondoka na joto, hata maji yaliyobaki ndani yawe baridi.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Ujerumani, Martin Lindauer, aliweka mzinga juani juu ya mawe meusi ya volkano, karibu na Salerno, nchini Italia. Nje joto lilifika digrii 70. Nyuki walikuwa na maji ya kuteka, na ndani ya mzinga joto lilibaki kama digrii 35.

Hapana nyuki atoaye amri. Malkia hutaga mayai tu. Lakini yeye hupata mbegu kwa madume wengi, kwa hiyo watoto wake ni wa mama mmoja na baba mbalimbali, nao hawafanani tabia. Mmoja huanza kupepea joto likizidi kidogo tu. Mwingine hungoja lizidi zaidi. Kama wote wangeanza pamoja na kuacha pamoja, mzinga ungepoa mno, kisha ungepata joto mno. Kwa kutofanana kwao joto hukaa sawa.

Mfugaji na mzinga wake

Mfugaji wa nyuki yampasa kuyajua haya. Mizinga ya magogo itundikwayo mitini, kama ile ya misitu ya Tabora, ina mbao nene zizuiazo joto la mchana na baridi ya usiku, na matawi huipa kivuli. Mzinga wa mbao nyembamba ukiachwa juani, pasipo maji karibu, nyuki huacha kutafuta maua ili wateke maji na kupepea. Joto likizidi nguvu zao, nta hulainika, masega huanguka, asali humwagika, na nyuki waliosalia huhama.

Tena, mtu arinaye asali yote amewanyang'anya nyuki kuni zao. Majana hupoa, na mwaka wa pili hakuna cha kurina. Mfugaji mwenye akili huweka mzinga kivulini, hutazama kama maji yako karibu, na huwaachia nyuki sehemu ya asali yao.

Maswali

1. Nyuki hutoaje joto bila kupiga mabawa?
2. Mtungi wa maji na mzinga hufananaje?
3. Kwa nini yafaa nyuki wa mzinga mmoja wasifanane tabia?
4. Mzinga wa kijiji chenu ungeuweka mahali gani, na kwa sababu gani?