Mpambanaji na Ugaidi Maabarani na Uzito wa Neno "Ni"

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa nne alinijia ofisini akiwa na fomu mkononi. Yeye husomea fizikia, ila huhudhuria mihadhara yangu ya isimu kwa hiari yake. Fomu ile ilikuwa ya kuombea nafasi ya masomo ya uzamili ng'ambo katika sayansi ya uchunguzi wa jinai, naye alitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza. Nilipomuuliza kilichomsukuma kuifuata njia hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba dada yake alikuwa miongoni mwa watu 148, wengi wao wanafunzi, waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015.

"Mwalimu," akasema, "nataka kuwa mwanasayansi wa kuwasaidia polisi kuwanasa watu wa namna ile kabla hawajaua. Sijui kama mtu wa isimu ana la kunishauri."

Barua niliiandika siku iyo hiyo. Ushauri, hata hivyo, sikuweza kuutoa papo kwa papo. Makala haya ndiyo ushauri wenyewe, nami nautoa hadharani kwa kuwa naamini kwamba si kijana huyu pekee anayeuhitaji.

Wengi wetu tukisikia habari za mwanasayansi mkuu katika kikosi cha kupambana na ugaidi, tunamfikiria mtu aliyezungukwa na mitambo: kompyuta zinazotambua nyuso, darubini za kukuzia alama za vidole, vyombo vya kunusa baruti. Picha hiyo haina kosa, ila haijakamilika. Mitambo haiendi mahakamani, wala haimwamuru afisa avunje mlango wa mtu usiku wa manane. Kinachofanya hayo ni sentensi moja au mbili ambazo mwanasayansi huziandika mwishoni mwa ripoti yake. Kazi yake nzima, pamoja na gharama yote ya maabara, huishia katika kitenzi. Je, ataandika kwamba alama hii "ni" ya fulani? Au "huenda ikawa" yake? Au "haiwezekani kusema"? Hapo ndipo fizikia inapokutana na isimu, na hapo ndipo watu wasio na hatia walipoangamizwa.

Natuanze na mji wa Birmingham, Uingereza. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974, mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji huo. Watu 21 walikufa na wengine zaidi ya 180 wakajeruhiwa. Usiku uo huo polisi waliwazuia wanaume watano wa asili ya Ireland waliokuwa safarini kuelekea Belfast. Wa sita alikamatwa baadaye mjini Birmingham. Wale watano walikuwa wamesafiri kwa garimoshi, na njiani walikuwa wakicheza karata.

Mwanasayansi wa serikali, Dkt. Frank Skuse, aliletwa awapime mikono. Alitumia jaribio la Griess, ambalo hubadili rangi kuwa ya waridi panapokuwa na mabaki ya nitrogliserini, kiambata cha baruti. Rangi ilibadilika katika mikono ya wawili kati yao. Mahakamani mtaalamu huyo alisema kwamba alikuwa na hakika ya asilimia 99 kuwa watu hao walikuwa wameshika vilipuzi. Mtaalamu mwingine, aliyeitwa na upande wa utetezi, alipinga, akaeleza kwamba vitu vingine vya kawaida vyaweza kutoa matokeo yale yale. Hakusikilizwa. Mwezi Agosti 1975 wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Baada ya miaka ilibainika kwamba jaribio lile lingeweza kugeuka waridi kwa sababu ya nitroselulosi, kemikali iliyomo katika vanishi na vipolishi vya aina nyingi. Miongoni mwa vitu vinavyopakwa kemikali hiyo ni karata. Naam, msomaji, karata! Aidha, ushahidi wa polisi kuhusu jinsi walivyopata maungamo ya washtakiwa ulitiliwa shaka kubwa. Tarehe 14 Machi 1991 Mahakama ya Rufani iliwaachilia huru, wakiwa wamekwisha kukaa gerezani miaka 16.

Tazama sasa kosa lilikuwa wapi. Rangi ilibadilika kweli, kemikali haikudanganya. Kilichodanganya ni daraja la maneno lililojengwa kutoka kwenye rangi hadi kwenye hatia. Sentensi ambayo jaribio lile liliiruhusu ilikuwa hii: "Mikononi mna kitu ambacho chaweza kuwa baruti, na chaweza kuwa kitu kingine." Sentensi iliyosemwa ilikuwa: "Wameshika baruti." Umbali uliopo baina ya "chaweza kuwa" na "ni" uligharimu miaka 16 ya maisha ya watu sita.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya kale, na kwamba vyombo vya leo ni makini zaidi. Basi tuje karibu. Tarehe 11 Machi 2004 magaidi walilipua magarimoshi mjini Madrid, Hispania, wakaua zaidi ya watu 190. Polisi wa Hispania walipata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na fataki za kulipulia mabomu, wakaituma kwa wenzao duniani. Kompyuta ya FBI, Shirika la Upelelezi la Marekani, ilitoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazokaribiana na hiyo. Mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili Mwislamu wa jimbo la Oregon. Wataalamu watatu waliotumiwa na shirika hilo walithibitisha kwamba alama ni yake, na uthibitisho huo ukatajwa kuwa wa asilimia 100.

Mwezi Aprili polisi wa Hispania walisema hawaoni ulinganifu huo. Hata hivyo Mayfield alikamatwa tarehe 6 Mei. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama, naye akaafiki kwamba alama ni yake. Siku hizo hizo Wahispania wakampata mwenye alama yenyewe: raia wa Algeria. Mayfield aliachiliwa, FBI ikaomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2.

Mkaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani alipochunguza mkasa huo, aligundua jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulibandika ukutani. Kufanana kwa alama zile mbili kuliwapotosha wataalamu mwanzoni. Lakini maswali yalipoanza kuulizwa, yaelekea kwamba dini ya mtu huyo, na ukweli kwamba aliwahi kumwakilisha mtu aliyepatikana na hatia ya ugaidi, vilichangia wasiirejelee kazi yao kwa makini. Kwa maneno mengine, waliuacha mkono wakautazama uso. Mwaka 2018 wizara iyo hiyo ilitoa mwongozo wa lugha, nami narudia, wa lugha, unaowakataza wataalamu wake kudai mahakamani kwamba wana hakika ya asilimia 100 au kwamba fani yao haikosei.

Nimesema mitambo haiendi mahakamani. Siku hizi, hata hivyo, kuna mitambo inayotushawishi tuiachie ihukumu. Chukulia kwamba serikali imenunua kamera ya kutambua nyuso ambayo, kati ya watu 1,000 wasio na hatia, humkosea mmoja tu. Muuzaji atajigamba kwamba kamera yake ni sahihi kwa asilimia 99.9. Sasa iweke kwenye lango la uwanja ambamo watu 60,000 wanaingia kutazama mpira, na gaidi akiwa mmoja. Hata kamera ikimtambua huyo mmoja, itakuwa imewanyoshea kidole watu 60 wengine ambao hawajui lolote. Afisa anayeambiwa "huyu ni gaidi" atakuwa anadanganywa mara 60 katika 61. Afisa anayeambiwa "huyu aangaliwe tena" atakuwa ameambiwa kweli. Kamera ni ile ile. Kilichobadilika ni sentensi.

Na kuna mitambo isiyofaa hata kwa sentensi ya namna hiyo. Mfanyabiashara Mwingereza, James McCormick, aliiuzia Iraki chombo kilichoitwa ADE 651, akidai kinanusa baruti kutoka mbali. Kilikuwa kishikio chenye antena, bila chochote ndani kilichofanya kazi. Askari wa Baghdad walikipitisha kwenye magari katika vizuizi vya barabarani, na watu wakafa kwa mabomu ambayo chombo kile hakingeweza kuyaona. Mwaka 2013 McCormick alifungwa miaka 10 nchini Uingereza. Hapo hapakuwa na haja ya "huenda". Neno lililohitajika ni "hapana", na lilihitajika kabla ya fedha kulipwa, kutoka kwa mwanasayansi aliye na cheo cha kutosha kumwambia mkubwa wake jambo asilotaka kulisikia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuonja tone la mtihani huo. Miaka kadhaa iliyopita afisa mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala idara yake, aliniletea sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Ilikuwa ya sekunde zisizotimia 40, yenye mkwaruzo mwingi. Alitaka niseme kama msemaji ni kijana fulani aliyekuwa kizuizini. Nilisikiliza mara nyingi. Msemaji alitamka "ndia" badala ya njia, "mato" badala ya macho, na "moya" badala ya moja. Nikamwambia afisa kwamba huyu yaelekea amekulia katika lahaja za pwani ya kaskazini, upande wa Lamu.

"Kijana wetu anatoka huko huko," akasema kwa furaha. "Basi ni yeye."

Nikamjibu kwamba maelfu ya watu wanatoka huko, na kwamba hata mtu asiyetoka huko aweza kuziiga sauti zile. Akanitaka niandike "ndiyo" au "la". Nikaandika kwamba rekodi haitoshi kumtambua mtu. Aliondoka amekasirika, na sikuitwa tena. Nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri. Je, kama kijana yule kweli ndiye?

Swali hilo ndilo aliloniuliza mwanafunzi wangu niliposimulia mkasa huu. "Mwalimu, nikisema 'huenda', na mtu akaachiliwa, kisha akaua, nitamwambia nini mama yangu?"

Sikumfanyia mzaha kwa jibu jepesi. Nilimweleza kwanza kwamba "huenda" haifungi mikono ya polisi. Chukua kisa cha Marekani cha mtu aliyetuma na kutega mabomu tangu 1978 hadi 1995, akaua watu watatu na kujeruhi 23. Mwezi Septemba 1995 gazeti lilichapisha andiko lake la maneno yapatayo 35,000. Ndugu yake, David Kaczynski, aliitambua mitindo ya usemi wa kakake Theodore. Wapelelezi walilinganisha andiko hilo na barua zake za kale, wakaona hata methali ya Kiingereza kuhusu keki aliitaja kwa mpangilio usio wa kawaida, akitanguliza kula na kumalizia na kuwa nayo. Ulinganisho huo haukumtia hatiani. Ulimfanya hakimu atoe kibali cha kupekua kibanda chake huko Montana mwezi Aprili 1996, na humo ndimo lilimopatikana bomu pamoja na maandishi yenyewe. "Huenda" ilifungua mlango. Vitu vilivyokuwa ndani ndivyo vilivyosema "ni".

Pili, nilimkumbusha kwamba kila asiye na hatia anapofungwa, mwenye hatia hubaki nje. Hadi leo hakuna mwingine aliyetiwa hatiani kwa vifo vya watu 21 wa Birmingham. Jamaa zao walidhulumiwa mara mbili: na waliotega mabomu, na waliosema kwa uhakika wasiokuwa nao. Huko Madrid, mwenye alama alipatikana kwa sababu Wahispania walikataa kuridhika na asilimia 100 ya wenzao.

Tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Tangu mwaka 2012 tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na mwaka 2022 polisi wetu walifunguliwa maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai. Kifungu cha 48 cha Sheria yetu ya Ushahidi kinayaita maneno ya mtaalamu "maoni", na neno hilo limeteuliwa kwa busara. Vijana wetu ndio watakaoyatoa maoni hayo. Lakini je, shuleni tunawafunza nini? Mwanafunzi wa kemia akiandika kwamba "matokeo hayakutosha kutoa uamuzi", hunyimwa alama. Yule aliyebuni jibu linalofanana na la kitabuni hupata zote. Tunawazoesha kuogopa kusema "sijui", kisha tunatarajia waliseme mbele ya jaji na taifa lenye hasira.

Kiswahili hakikutunyima zana. Tuna huenda, yamkini, yaelekea, haikosi, hapana budi, bila shaka, kila neno na kipimo chake. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha washirikiane kuwafunza wanafunzi kuyapima maneno haya kama wanavyopima asidi.

Mwanafunzi wangu amepata nafasi aliyoiomba, na ataondoka mwezi ujao. Alipokuja kuniaga nilimwambia kwamba nafurahi anakwenda, kwa kuwa maabara ile inamhitaji mtu anayejua kifo cha Garissa si takwimu. Nikamwomba siku atakapoishika kalamu kuandika "ni", akumbuke dada yake, kisha amkumbuke na dada wa mtu mwingine, yule ambaye kaka yake atafungwa kwa neno hilo.