MTOTO MGONJWA NAYE ANATAKA KUCHEZA

Ndugu wafanyakazi,

Wakati wa mavuno ya kahawa tulikwenda kumtazama mke wa mwenzetu, aliyekuwa akimuuguza mtoto wake katika hospitali moja ambayo jina lake tunaliacha. Nyuma ya wodi, karibu na shimo la kuchomea taka, tuliwakuta watoto watatu wanacheza. Mmoja ameshika bomba la sindano, anamtibu mwenzake. Tukamnyang'anya. Akalia, na alikuwa na haki ya kulia, maana hatukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5. Wodi zikajaa watoto wetu, sisi wakulima na vibarua. Dawa ni jambo jema. Lakini mtoto anayeanza kupata nafuu hakai kitandani kutwa, na asipotengewa mahali pa kuchezea atajitafutia mwenyewe.

Wako watakaosema mchezo ni anasa. Sisi tunasema mchezo ni sehemu ya matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 juu ya utapiamlo mkali unaagiza mtoto achezeshwe dakika 15 hadi 30 kila siku, pamoja na kulishwa na kutibiwa. Huko Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachezesha watoto wenye utapiamlo hospitalini, kisha wakaendelea nao nyumbani. Akili za watoto hao zilikua kuliko za wenzao waliopata chakula na matibabu peke yake. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kuwa haki, katika kifungu cha 31.

Mahali penyewe paweje?

Kwanza, pawe karibu na wodi, mama na muuguzi wapaone. Pawe mbali na barabara, taka na moto wa jikoni. Pazungushiwe ua wenye mlango mmoja.

Pili, pawe na paa, na sakafu ya saruji inayoweza kuoshwa, juu yake mkeka.

Tatu, vitu vya kuchezea tunaweza kuvitengeneza wenyewe: mpira wa maganda ya mgomba, gari la mti, kibuyu cha kutikisa. Visiwe na ncha. Shanga, maharagwe na vifuniko vidogo visiingie, maana mtoto humeza akakabwa. Kila jioni vioshwe. Mwenye surua au kifua kikuu achezeshwe kitandani kwake, na vitu vyake visichanganywe na vya wengine.

Nne, sindano isiingie hapo. Mtoto ajue kwamba hapa hachomwi. Huko ndiko kumkaribisha.

Ndugu, hatuombi fedha ya dawa ipunguzwe. Tunaomba kiwanja kidogo. Kazi za pamoja za Jumamosi tumezizoea, na mafundi waashi na maseremala wamo miongoni mwetu. Kila kamati, ya kiwanda na ya shamba, ichague watu wawili waende kuonana na mganga mkuu. Wakubaliane naye pia ni nani atakayefagia na kuwaangalia watoto, kwa kuwa mahali pasipo na mwangalizi hugeuka jaa.

Sisi wa Bukirasazi tumekwisha chagua wawili wetu. Ninyi je?

Umoja ni nguvu.